Nani Atakilinda Kinu cha Nyuklia cha Buyende, na kwa Mamlaka Gani?

Mzee alikuwa ametoka mwaloni na kasia lake begani. Alisimama mbele ya uzio wa mabati ambao mkandarasi mmoja wa barabara alikuwa ameuzungushia mitambo yake, si mbali na ufuo wa Ziwa Kyoga, wilayani Buyende, Uganda. Ndani ya uzio, mbuzi walikuwa wakitafuna majani kati ya magurudumu ya katapila. Mlinzi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye sare ya kampuni iliyopauka mabegani, na kitako cha bunduki yake kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili kisiachane.

“Kijana wangu,” mzee alimwambia, “mjukuu wangu akiruka uzio huu kumfuata mbuzi wake, wewe umeruhusiwa kumfanya nini?”

“Nitampigia simu bosi, mzee.”

“Na bosi asiposhika simu?”

Kijana aliitazama bunduki, akautazama mlango, akanyamaza.

Mimi nilikuwa pembeni nikisubiri bodaboda, na swali lile sijaweza kuliweka chini tangu siku hiyo. Lilikuwa swali la mtu anayejua anachouliza. Tangu 2017, wakati kikosi cha jeshi cha kulinda uvuvi kilipoanza kusimamia sheria za uvuvi kwenye maziwa yetu, wavuvi wamelalamika mara nyingi, hadi Bungeni, kwamba wamepigwa na mitumbwi yao imechomwa moto. Watu wa Kyoga wamekwisha kujifunza tofauti kati ya mwenye bunduki na mwenye mamlaka yaliyoandikwa.

Na ni katika wilaya hiyohiyo ya Buyende ambako serikali inapanga kujenga kituo cha umeme wa nyuklia.

Uzio utakaokuja

Habari za mradi huu zinajulikana, kwa hiyo sitazirudia kwa urefu: mpango uliotangazwa mwanzoni ulikuwa wa megawati 2,000 kwa jumla, na 1,000 za kwanza zikitarajiwa kufikia 2031. Tumebishana kuhusu ardhi na fidia, kuhusu mkopo, kuhusu taka za nyuklia na kuhusu taifa litakalotujengea. Mabishano hayo yana haki yake. Lakini kituo cha nyuklia, kabla hakijazalisha hata wati moja, kinahitaji uzio, na uzio unahitaji watu wenye silaha, na watu hao wanahitaji sheria inayowaambia wanaweza kumsimamisha nani, kumpekua nani, kumkamata nani, na ni katika hali gani wanaweza kufyatua risasi.

Sheria yetu ya Nishati ya Atomiki ya 2008 ilianzisha Baraza la Nishati ya Atomiki, ambalo sehemu kubwa ya kazi yake kwa miaka hii yote imekuwa mashine za eksirei hospitalini na vyanzo vya mionzi viwandani. Kulinda kinu ni kazi ya aina nyingine.

Mwananchi aliyevaa sare

Nilianza kwa kujiuliza kijana yule wa Buyende ana mamlaka gani leo. Jibu lipo katika sheria yetu ya mwenendo wa jinai, nayo haimpi mengi. Mtu yeyote binafsi anaweza kumkamata anayetenda mbele ya macho yake kosa linaloruhusu kukamatwa bila hati, au anayemshuku kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa kubwa la jinai. Mwenye mali, au mtumishi wake, anaweza kumkamata anayemkuta akiiharibu mali hiyo. Akishamkamata, ni lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa, na Katiba inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Nguvu inayotumika isizidi inayohitajika.

Kwa maneno mengine, mlinzi wa kampuni binafsi ni mwananchi kama mimi na wewe, ila yeye amevaa sare na amekabidhiwa bunduki ambayo kampuni yake inamiliki chini ya usimamizi wa polisi. Bunduki haimwongezei mamlaka yoyote ya kukamata.

Kwa ghala la saruji, mpangilio huo unatosha. Mwizi akitoroka na mifuko kumi, hasara inahesabika, na hakuna jaji atakayekubali kwamba saruji ina thamani kuliko maisha ya mtu. Kwa kinu cha nyuklia hesabu inabadilika, kwa sababu anayeogopwa zaidi pale ni mtu anayetaka kufika kwenye pampu za maji ya kupooza au kwenye chumba cha udhibiti, na kitendo chake kinaweza kuwadhuru watu walio mbali sana na uzio. Je, mlinzi asubiri mpaka mtu huyo amnyooshee silaha? Na kama hana silaha, bali ana koleo la kukatia nyaya tu?

Nilidhani nchi zilizotutangulia zilikwisha kulijibu swali hili kwa uhakika. Nilipozisoma kanuni zao, uhakika huo ulipungua.

Marekani, yenye vinu vingi kuliko wote

Nchini Marekani, walinzi wa vituo vya umeme wa nyuklia ni waajiriwa wa kampuni ya umeme, au wa kampuni ya ulinzi iliyopewa mkataba. Hawana cheo cha polisi wa taifa. Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya nchi hiyo inadai kila kituo kiwe na askari wa kukabili uvamizi wasiopungua 10, na angalau mara moja kila baada ya miaka mitatu inasimamia zoezi ambalo kikosi cha wavamizi wa kuigiza kinajaribu kweli kupenya hadi kwenye mitambo.

Mtu akiyatazama maandalizi hayo atadhani kwamba mlinzi wa pale ana ruhusa ya kumpiga risasi yeyote anayepanda uzio.

Hana ruhusa hiyo. Kanuni za Tume zinamtaka atumie nguvu inayotosha kukabili nguvu inayoelekezwa kwake, na zinamruhusu kutumia nguvu ya kuua pale anapoamini kwa sababu za msingi kwamba inahitajika ili kujiokoa au kuwaokoa wengine, au katika hali nyingine ambazo sheria ya jimbo au ya taifa inaziruhusu. Sehemu ya kwanza ni ileile haki ya kujitetea aliyo nayo kila raia. Sehemu ya pili inamrudisha mlinzi kwenye jimbo lake: Arizona, ambako kituo cha Palo Verde kimejengwa jangwani magharibi ya Phoenix, imetunga vifungu maalumu kuhusu nguvu na mamlaka ya kuzuia watu kwa walinzi wenye silaha wa vituo vya nyuklia. Kwa hiyo walinzi wawili wanaofuata kanuni moja ya taifa na kushika zamu ya aina moja wanaweza kuwa na mamlaka tofauti kwa sababu tu wako katika majimbo tofauti.

Hata silaha zenyewe zilikuwa tatizo. Baadhi ya majimbo yanakataza aina fulani za bunduki na magazini kwa raia, na mlinzi ni raia. Mwaka 2005 bunge la Marekani liliirekebisha Sheria ya Nishati ya Atomiki ili Tume iweze kuwaruhusu walinzi hao wawe na silaha hizo licha ya makatazo ya jimbo. Kanuni kamili ya kuitekeleza ruhusa hiyo ilitoka 2023. Kati ya sheria na kanuni ilipita miaka 18, katika nchi yenye wanasheria wengi, na vinu vikifanya kazi muda wote.

Tarehe hizo mbili zinanitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote nilichokisoma, kwa sababu zinaonyesha kinachotokea kinu kinapotangulia na mamlaka ya walinzi wake yakafuata nyuma.

Usiku wa Oak Ridge

Baada ya kuyasoma hayo, nilielekea kuamini kwamba dawa ni kuongeza mamlaka: mpe mlinzi sheria iliyo wazi na kali, asibaki akitafuta namba ya bosi. Kisha nikaisoma habari ya Oak Ridge, jimboni Tennessee, na mawazo yangu yakachukua njia nyingine.

Y-12, kama eneo lile la Oak Ridge linavyoitwa, haizalishi umeme. Ni eneo la Wizara ya Nishati ya Marekani linaloshughulikia urani ya silaha za nyuklia, na walinzi wa maeneo hayo, hata wakiwa waajiriwa wa mkandarasi, wamepewa na sheria mamlaka ya kubeba silaha na kukamata bila hati. Yale mamlaka ambayo wenzao wa vituo vya umeme hawana, wao wanayo.

Kabla ya alfajiri ya tarehe 28 Julai 2012, watu watatu walikata nyaya za uzio mmoja baada ya mwingine, wakapanda kilima gizani, wakafika hadi kwenye ukuta wa jengo linalohifadhi urani iliyorutubishwa. Mmoja wao alikuwa Sista Megan Rice, mtawa wa Kikatoliki mwenye umri wa miaka 82, ambaye kwa miongo kadhaa alikuwa mwalimu Afrika Magharibi, nchini Nigeria na Ghana. Walimwaga damu ukutani, wakaandika maneno ya amani kwa rangi, wakagonga ukuta kwa nyundo, kisha wakasubiri kukamatwa.

Mlinzi wa kwanza kufika aliona bibi kizee na wanaume wawili wa makamo ambao walimsalimu na kumwonyesha mkate. Hakuitoa bastola yake. Aliomba msaada wa wenzake na akawaangalia mpaka walipofika.

Akafukuzwa kazi.

Uchunguzi wa serikali ulionyesha baadaye kwamba kulikuwa na kamera zisizofanya kazi na kwamba walinzi walikuwa wamezoea ving’ora kulia bila sababu. Makosa hayo yalikuwa ya watu wengi na ya muda mrefu. Sista Rice alihukumiwa kifungo cha miezi 35. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilitengua hatia ya kuhujumu, naye akaachiwa. Alifariki 2021.

Nimemfikiria mlinzi yule kwa muda mrefu. Alikuwa na silaha, alikuwa na sheria nyuma yake, na katika dakika chache zenye giza aliamua kwamba watu waliosimama mbele yake hawastahili kuelekezewa bunduki. Wapo watakaosema alipaswa kwanza kuwadhibiti, wawe watawa au wasiwe watawa, kwa kuwa mvamizi wa kweli anaweza pia kuja amevaa kanzu. Hoja hiyo ina uzito, na siwezi kuitupa. Lakini kama angefyatua na kumuua mwanamke wa miaka 82 mwenye mkate mkononi, sidhani kama kuna mtu angemwita shujaa.

Alichokikosa ni sheria inayomlinda aliyejizuia. Sheria nyingi zimeandikwa kumkinga mlinzi aliyetumia nguvu kwa nia njema. Aliyepima hali na kuamua kutotumia anaachwa mikononi mwa mwajiri wake, na mwajiri anaufikiria mkataba. Mlinzi anayejua kwamba akipiga atakingwa na asipopiga atapoteza kazi, amekwisha kuelekezwa apige, hata kama hakuna aliyemwamuru kwa mdomo.

Nikimweka kijana wa Buyende mahali pale, mwenye mshahara unaolipia chumba cha kupanga na karo ya wadogo zake, naogopa.

Kilomita tano

Uingereza ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya Nishati ya 2004 iliunda jeshi la polisi wa vituo vya nyuklia vya kiraia, lililoanza kazi Aprili 2005, na askari wake ni makonstebo kamili waliokula kiapo. Kwa kawaida mamlaka yao yana mipaka inayopimika: ndani ya kituo, ndani ya kilomita tano kutoka kwenye mpaka wa kituo, na popote wanapoisindikiza shehena ya nyuklia. Sehemu kubwa ya gharama inalipwa na kampuni zinazoendesha vituo, lakini amri hutoka kwa maofisa wa polisi.

Ufaransa inafanana nayo kwa kiasi: vikosi maalumu vya jandarmeri, yaani polisi wa mfumo wa kijeshi, vimewekwa kwenye vituo vya nyuklia, na kampuni ya umeme inachangia gharama.

Napenda kilomita tano zile kwa sababu zimeandikwa. Mkulima anayeishi kilomita sita kutoka kituoni anaweza kuufungua ukurasa wa sheria akajua kwamba konstebo wa nyuklia kwa kawaida hana kazi shambani kwake, na yule wa kilomita nne naye anajua anasimama wapi. Nimewahi kuambiwa na rafiki aliyehudumu polisi kwamba kuyaandika mambo haya hadharani ni kumfundisha adui. Sikubaliani naye. Idadi ya walinzi, mahali wanapojificha, saa za kubadilisha zamu na upofu wa kamera ndizo siri. Mipaka ya mamlaka yao ni haki ya jirani kuijua, na Uingereza imeitangaza kwa miaka ishirini huku vituo vyake vikiendelea kufanya kazi.

Koeberg na Pelindaba

Afrika ina historia yake katika jambo hili, na inaumiza kwamba tunaizungumzia kidogo.

Koeberg, karibu na Cape Town, ndicho kituo pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi barani mwetu. Desemba 1982, kabla hakijaanza kuzalisha umeme, mabomu manne yalilipuka ndani yake. Yalikuwa kazi ya Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, na hakuna aliyekufa. Aliyeyatega, Rodney Wilkinson, hakuruka uzio wowote. Alikuwa mfanyakazi wa pale, mwenye kibali, na aliyapitisha mabomu langoni.

Sisi tuliolelewa na habari za ukombozi wa Afrika Kusini tunalijua lengo la kitendo kile, na simhukumu aliyekitenda. Lakini kwa anayefikiria ulinzi wa kinu, fundisho lake ni gumu: bunduki za walinzi hazikuwa na maana yoyote siku ile. Mamlaka ambayo yangeleta tofauti ni yale yasiyopendeza kuyazungumzia, ya kuupekua mkoba wa mhandisi kila asubuhi, kulifungua gari la meneja, kumnyima kibali mtu ambaye kila mmoja anamfahamu kwa jina. Katika nchi yetu, ambako mlinzi wa getini hulisimamisha bodaboda na kulipigia saluti gari kubwa lenye vioo vyeusi, sheria itabidi imwambie waziwazi kwamba anaweza kumpekua mkubwa wake, na kwamba mkubwa akikataa, yeye mkubwa ndiye atakayebaki nje.

Pelindaba, karibu na Pretoria, ni kituo cha utafiti wa nyuklia. Usiku mmoja wa Novemba 2007, watu wanne wenye silaha waliupita uzio wa umeme, wakafika hadi kwenye kituo cha udhibiti wa dharura, wakampiga risasi kifuani mfanyakazi mmoja, ambaye alinusurika, kisha wakatoka. Hapo ndipo penye hoja ya wanaotaka walinzi wenye mamlaka makubwa, nami nakiri kwamba watu wa namna ile hawasimamishwi kwa karatasi.

Hata hivyo, Oak Ridge na Pelindaba zinaweza kuanza kwa namna moja: king’ora kinalia usiku na vivuli vinaonekana karibu na uzio. Mlinzi hajui bado ni usiku upi kati ya hizo mbili.

Ninachotaka kukiona kimeandikwa

Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki hutenganisha mlinzi, anayefanya doria, kudhibiti milango na kuchukua hatua ya kwanza, na kikosi cha kukabili, chenye silaha na mafunzo ya kuzuia wizi au hujuma. Naona Uganda inapaswa kuufuata utengano huo. Walinzi wa lango la nje, wa kampuni, wabaki na mamlaka ya mwananchi pamoja na haki ya kupekua iliyoandikwa kama sharti la kuingia, na wasiwe na bunduki. Uzio wa ndani ulindwe na makonstebo waliotajwa na sheria ya Bunge, wanaolipiwa na mwendeshaji wa kituo bila kupokea amri kutoka kwake.

Nasema makonstebo, sisemi wanajeshi, na nina sababu. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia, na mwaka huohuo Bunge likaibadilisha sheria ya jeshi na kuyarudisha mamlaka hayo katika hali fulani. Mvuvi aliyekamatwa ndani ya uzio wa Buyende asiwe sehemu ya mvutano huo. Sheria ya kituo iseme yenyewe kwamba atafikishwa mbele ya hakimu wa kawaida ndani ya saa 48.

Mpaka lazima upimwe kwa mita, nchi kavu na majini. Kyoga ni ziwa la kina kifupi, lenye mafunjo na visiwa vya magugu vinavyohama na upepo, na nyavu huhama navyo. Mstari uliochorwa kwenye ramani iliyoko Kampala haumsaidii mtu aliye ndani ya mtumbwi saa kumi za usiku, kwa hiyo maboya yenye taa yawekwe kabla marufuku haijaanza, na tangazo lisomwe mialoni kwa Lusoga na Kiswahili. Hatua za mlinzi zifuatane kwa mpangilio unaojulikana, sauti na taa zikitangulia, na nguvu ya kuua ibaki kwa anayehatarisha uhai au anayefikia kuharibu mitambo ambayo kuharibika kwake kunahatarisha uhai. Kuvuka mstari peke yake kusitoshe kamwe.

Na kiwemo kifungu kinachosema kwamba mlinzi aliyejizuia kwa nia njema hatafukuzwa kwa sababu hiyo mpaka chombo kisicho cha mwendeshaji wala cha kikosi chake kisikilize shauri. Chombo hichohicho kichunguze kila risasi inayofyatuliwa nje ya mazoezi, iwe imempata mtu au haikumpata, na taarifa yake ipelekwe Bungeni na kwa halmashauri ya wilaya ya Buyende, ambako ndugu wa aliyepigwa wanaweza kuifikia bila kupanda basi la kwenda Kampala.